Mitumbwi Iliyorudi Kabla ya Kuondoka

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Nimetoka nyumbani saa kumi na mbili, nimefika ofisini saa moja. Nimemtangulia Hafidha! Bi Sihaba, katibu wa umoja wetu wa wavuvi, ametangaza: jedwali la safari za mitumbwi ya Saadani lisafishwe makosa kabla ya Ijumaa, kwa programu huria, ya bure. Atakayeshinda ndiye mkuu wa takwimu. Cheo! Chumba chenye feni! Tunaoshindana ni wawili, mimi na Hafidha. Maskini Hafidha.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimejaribu programu mbili. Ya kwanza inakagua tu. Inakuonyesha kosa, halafu inakuachia mwenyewe. Nimeifuta. Watu wa kunionyesha makosa ninao nyumbani. Ya pili ni mtiifu: ukiiamuru, inabadilisha mistari elfu kwa mkupuo, na kila hatua inaiandika pembeni. Sijui inamwandikia nani. Nimechagua hii. Hafidha kachukua ile niliyoifuta! Nimecheka mpaka chai ikanipalia.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimeweka kanuni: saa ya kurudi iwe kubwa kuliko saa ya kuondoka. Makosa mia nne na kumi na mbili! Mtumbwi umeondoka saa kumi na moja, umerudi saa nne. Umerudi kabla ya kuondoka! Wavuvi hawa hawako makini hata kidogo. Nimezigeuza saa: ya kuondoka ikawa ya kurudi, ya kurudi ikawa ya kuondoka. Makosa: sifuri. Hafidha yuko kwenye simu na Saadani, anauliza mstari mmoja mmoja. Simu! Karne hii!

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimevaa kanzu mpya. Nimesoma ripoti kwa sauti: mtumbwi umeondoka saa nne, samaki wamepimwa saa nne na robo, mtumbwi umerudi saa kumi na moja. Bi Sihaba akauliza samaki walifikaje kwenye mizani na mtumbwi bado uko baharini. Nikajibu huo ndio ugunduzi wenyewe. Mzee Ishaka, nahodha wa Saadani, akalia kwa kicheko. Hafidha akaeleza kwamba wavuvi huondoka alfajiri, na saa ikipita kumi na mbili huanza tena moja, ila mashine haijui hilo mpaka uifundishe. Kisha akafungua ile orodha ya hatua iliyo pembeni mwa programu yangu, akafuta kazi yangu yote kwa kubofya mara moja. Cheo kachukua yeye. Imeniuma, sifichi.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimepandishwa! Mwakilishi wa takwimu, Saadani. Hafidha abaki na feni yake, mimi nina upepo wa pwani nzima. Nimeondoka alfajiri saa kumi na moja kupitia Chalinze na Miono, nimefika saa nne. Nikaingiza mahudhurio yangu, saa ya kuondoka na saa ya kufika. Programu ikakataa. Nimezigeuza saa. Makosa: sifuri! Bado nina mkono mwepesi.

Mzee Ishaka akanikuta nimejilaza kivulini. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza mbona sianzi kazi, si nimeshafika.

Nikamwambia bado, nafika saa kumi na moja.