Sungura Mwenye Hina

Leo nimechoma picha, nimejiaibisha kabisa, tena mbele ya wazazi wote wa Gredi ya Nne. Nawaambia mimi mwenyewe kabla hamjaletewa na watu, kwa sababu najua wengine wenu mna dada na mashemeji kwenye grupu ya WhatsApp ya hilo darasa.

Mnajua vile napenda kuongea. Huyu msichana wangu Mwende, wa miaka tisa, amekua akisikia hadithi za mimi nikiwa kijana kule Kitui. Vile nilimwangusha swala kwa mshale mmoja. Vile nililala juu ya mti nikingoja chui apite. (Chui. Mimi. Hata paka wa jirani namwachia njia.) Mama yake huwa anasikiliza hizo hadithi huku anamenya viazi.

Sasa Ijumaa mwalimu akatuma kazi. Mtoto atengeneze mtego wa kienyeji akisaidiwa na mzazi, autege mahali, apigwe picha akiwa nao, picha itumwe kwa grupu. Basi. Mwalimu hakusema tunase kitu. Lakini Mwende alipoisoma aliniangalia vile watu huangalia fundi stima zikipotea, akaniambia darasa zima linajua baba yake ni mwindaji. Amemwambia hata Zulfa. Zulfa ndiye rafiki yake wa roho, wamekaa dawati moja tangu chekechea. Hapo ningesema nini?

Leo Jumapili asubuhi tukatoka hapa Laini Saba, mimi na waya wa breki ya baiskeli, yeye na majani ya sukuma ya chambo kwenye karatasi. Tukashuka mpaka nyuma ya magorofa ya Highrise, kule kando ya bwawa, watu wamelima mboga na nyasi za ng'ombe. Nilikuwa nimevaa kofia. (Mwindaji lazima awe na kofia.) Kazi yangu mimi ni kuchomelea milango ya chuma kando ya reli, na milango yangu haijawahi kurudishwa, lakini hicho kitanzi kilinishinda kabisa. Kila nikikunja kijiti kinafyatuka, kinanichapa kidevu. Mara ya tatu Mwende akakichukua, akakikunja mwenyewe, akafunga waya, kikakaa. Nikamwambia hivyo ndivyo nilikuwa nataka kumfundisha.

Tukajificha kwenye nyasi. Hatukukaa sana kabla sungura hajatokea. Haki ya Mungu, sungura mzima, wa kijivu, mnono, anatembea kama mwenye shamba. Akaupita mtego kando, akaja moja kwa moja mpaka kwa kiatu changu, akaanza kunusa kamba. Mtu anayejua kuwinda angejiuliza swali hapo. Mimi nilivua koti nikamrukia. Nikaanguka na tumbo kwenye matope, lakini koti lilikuwa na sungura ndani.

"Baba," Mwende akasema polepole, "huyu ana hina."

Nikaangalia. Kweli miguu ya mbele ilikuwa na rangi ya machungwa, na sikio moja pia. Nikamwambia hiyo ni rangi ya porini, wale wa Kitui wote wako hivyo, ni udongo. Akasema udongo hauchori maua. (Kwenye sikio lilikuwa ua. Na majani yake.) Nikamwambia watoto wa siku hizi wanabishana sana, nikang'oa mtego, nikaona kazi imeisha.

Kisha nikaharibu. Nikampakatisha Mwende sungura, nikapiga picha, nikaituma kwa grupu na maneno haya: "Mwende amenasa sungura wa porini kwa mikono yake. Damu ya Kitui haipotei." Mtauliza kwa nini nilimtaja Mwende wakati aliyejaa matope ni mimi. Nilitaka aonekane. Nilitaka kesho akiingia darasani wampigie makofi, yeye ambaye huwa anakaa kimya nyuma. Kumpenda nampenda, lakini huo ulikuwa uongo.

Vidole gumba vikaanza kumiminika. Baba mmoja akaandika kwamba wazazi wa kweli ni kama mimi, wengine wanasindikiza tu. Nikaanza kutembea kama mtu aliyechaguliwa. Halafu ikaingia sauti iliyorekodiwa kutoka kwa Mama Zulfa, nikaifungulia juu kabisa ili Mwende asikie pongezi.

"Baba Mwende, huyo ni Kashata wetu. Ametoroka jana jioni. Zulfa mwenyewe ndiye alimpaka hina ya Idi. Mtoto hajala tangu jana."

Nyuma ya hiyo sauti kulikuwa na mtoto analia. Mwende akamjua papo hapo.

Kabla sijavuta pumzi, mzazi mwingine akauliza, kwa hivyo huyo msichana huwa anapita akichukua mifugo ya watu? Mwingine akajibu kwamba watoto wa hivyo ni wa kuangaliwa mapema. Mama Mwende, ambaye leo ameenda kwa dada yake Kawangware, yuko pia kwenye hiyo grupu. Aliandika neno moja tu: "Nzioka." (Siku za amani mimi huitwa Baba Mwende.)

Sasa sikieni aibu yenyewe, maana hiyo ya sungura ni ndogo. Niliandika: "Poleni sana. Mtoto hakujua."

Mwende alikuwa anasoma begani kwangu. Hakulia. Afadhali angelia. Alisema tu, "Lakini nilikuambia," akamkumbatia Kashata, akashika njia ya Kambi Muru kumrudisha kwao. Mimi nikamfuata na koti la matope. Njia nzima aliuliza swali moja, kama Zulfa atakubali wakae pamoja kesho. Nikasema atakubali. Hakuniamini, na sikumlaumu.

Kwa kina Zulfa tulikuta watu. Nyanya yake alikuwa ameketi kwenye mkeka hapo mlangoni, mama amesimama nyuma yake, na majirani kadhaa walikuwa wamekuja kuona mwizi wa sungura anafanana na nani. Zulfa macho yalikuwa yamevimba. Mwende akamnyooshea Kashata, na Zulfa akampokea bila kumwangalia Mwende usoni. Niliona mtoto wangu amebaki na mikono hewani, haijui iende wapi. Hiyo iliniuma kuliko kitu chochote mwaka huu.

Nikaanza na zile zangu. Nikasema mnajua, huko kwetu Kitui, mtu akitoka kuwinda... Nyanya akanikata.

"Kijana, wewe ni mtu wa Kitui na hujui sungura wa nyumba?"

Mwende akaniangalia. Ningeweza kusema jua lilikuwa kali. Ningeweza kusema moto wa kuchomelea umeniharibu macho. (Hiyo ilikuwa tayari iko kwa ulimi.)

"Mama, mimi sijawahi kunasa hata panya," nikasema. "Aliyekuwa anawinda ni kaka yangu. Mimi nilikuwa nachunga mbuzi, na mbuzi wenyewe walikuwa wananipotea. Mwende aliniambia huyu ana hina, nikakataa kusikia. Aliyemrukia sungura wenu ni mimi, na aliyeandika uongo ni mimi. Mtoto hana kosa."

Nyanya alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akafuta macho na leso yake, akaniambia nimesema vizuri, lakini kwa vile mtoto nilimpaka matope kwa grupu, nikamwoshee hukohuko. Kwa hivyo nilisimama hapo uani, matope mpaka kidevuni, Kashata akinitazama, nikayarekodi maneno hayo yote tangu mwanzo. Mbuzi pia niliwaweka. Sasa wazazi wote wanajua, na mwalimu pia anajua.

Nilipogeuka, Zulfa alikuwa amesogea kwenye mkeka. Alisogea kidogo tu, nafasi ya kumtosha mtu mdogo mmoja. Mwende akakaa hapo. Wakamweka Kashata katikati, wakaanza kumpangusa matope kwenye lile ua la sikio, na mimi nikajifanya naangalia bati la paa, kwa sababu macho yalikuwa yananisumbua.

Tukirudi nyumbani Mwende akaanza kuniuliza.

"Na yule swala?"

"Wa baba yako mkubwa."

"Na chui?"

"Chui hakukuwa."

Akafikiria. Halafu akanishika mkono, huyu ambaye tangu afikishe miaka tisa hataki kushikwa mkono barabarani. Akasema, "Lakini vile uliruka, Baba, hata baba mkubwa hangeruka hivyo." Nimechomelea milango mingi maishani, lakini sijawahi kusifiwa hivyo.

Saa hii mwalimu ameandika kwa grupu. Ananishukuru kwa maelezo, ila bado anangoja picha ya mtego. (Kwenye ile yangu kuna sungura, kuna Mwende, na kuna kidole changu. Mtego hakuna.) Kabla sijajibu, Mwende akachukua simu akaandika mwenyewe: "Mwalimu tutatuma. Bado namfundisha Baba."

Kwa hivyo naomba msinicheke. Ama mkicheka, iwe polepole, kwa sababu mwalimu wangu yuko hapa kando anakunja waya, na hataki kelele darasani.