Herufi Themanini kwa Mstari

Jumatatu, 5 Septemba 1994

Ofisini Ngarenaro. Kazi njema: programu ya kupanga zamu za maji ya mfereji, Kikatiti. Niliileta mimi, kwa heshima ya Kaanaeli, aliyenipa chumba nilipofika kutoka Pangani miaka thelathini na minane iliyopita. Maharage yake yametoa maua. Akikosa maji Alhamisi, basi tena.

Kijana wetu Elihuruma ndiye anayeiandika programu hiyo, majina ya wenye zamu humo humo ndani. Mistari yake, aibu! Mmoja nimeuhesabu: herufi mia moja thelathini na nne. Nikamweleza kwamba kadi za kompyuta tulizotoboa enzi za shirika la umma zilikuwa na nafasi themanini kwa mstari, wala hakuna aliyelalamika. Akajibu kwamba shirika limekufa na kadi zake, mzee wangu, sasa ni soko huria.

Soko huria! Hata kwenye mistari?

Jumanne, 6 Septemba

Elihuruma kaenda kula. Nimebaki na mashine. Nimekata kila mstari kwenye herufi ya themanini. Mashine ikagoma. Nikakumbuka kwamba mistari mingine Elihuruma huianza kwa nyota, na hiyo mashine haiigomei kamwe. Nikatia nyota mbele ya kila kipande kilichokatwa. Kimya! Ukurasa umenyooka kama safu za mkonge wa kwetu. Nimeutazama kitambo.

Orodha ya zamu imechapwa, imeondoka na basi la saa kumi. Sikumwambia kitu. Atajionea.

Alhamisi, 8 Septemba

Sironka, msimamizi wa mfereji, amekuja na vumbi hadi kwenye nyusi. Anasema mfereji una watu kumi na tisa, orodha ina kumi na mmoja. Kaanaeli alikwenda alfajiri na jembe kufungua maji, akaonyeshwa karatasi: jina hakuna. Akarudi nyumbani bila neno. Afadhali angenitukana.

Elihuruma alinieleza taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa: nyota huiambia mashine isiusome mstari huo. Majina manane yalikuwa nyuma ya nyota zangu. Akauliza, mzee wangu, nyota zote hizi ulikuwa unapamba Krismasi? Amerudisha mistari yake mirefu. Zamu mpya ya Kaanaeli: Jumamosi.

Jumapili, 11 Septemba

Nimekwenda Kikatiti. Maji yalifika jana. Maua yalikuwa yameshapukutika. Kaanaeli alinipa maziwa ya mgando, akauliza habari za Pangani, kama anavyouliza kila mara. Nikasema njema. Sijakanyaga huko tangu 1971. Nilikuwa nimekuja kuomba radhi. Nikanywa maziwa.

Jumatatu, 12 Septemba

Nimemwandikia Kaanaeli barua ya radhi, kwa taipureta yangu ya zamani. Mistari kumi na minne, safi. Wa mwisho tu ulinisumbua: herufi themanini na tisa, ukihesabu na nafasi. Nimeondoa “samahani” na nafasi iliyoitangulia.

Themanini kamili.