Tumbo la Johana

Jumatatu, 3 Juni 1996

Damu chooni tena. Mara ya tatu! Nimeenda hospitali. Daktari Apiyo akauliza kama baba yangu aliwahi kuugua utumbo. Nikajibu kwa fahari kwamba baba yangu ni Kogo Taprandich, bibi wa miaka themanini na moja, bado anachuma majani chai. Hakupata mtoto wa kiume, kwa hiyo alimwoa mama yangu kwa ng'ombe ili watoto atakaozaa wamwite yeye baba, kama desturi yetu inavyoruhusu. Daktari, mtu wa kutoka ziwani asiyejua desturi hiyo, akaweka kalamu chini. Akaeleza kwamba saratani ya utumbo mpana inaweza kufuata jeni za mwanamume aliyenizaa hasa. Bakteria wa tumboni nao huenda wanachangia, ila wataalamu bado wanachunguza. Alhamisi atapitisha kamera huko nyuma. Kamera! Mimi, karani wa kituo cha chai!

Jumanne, 4 Juni

Jeni hazibadiliki. Bakteria wanabadilika. Basi nitashughulika na bakteria! Nimekunywa vibuyu viwili vya mursik, maziwa yetu ya kugandishwa yenye masizi ya mkaa. Kesho natakiwa ninywe maji na dawa ya kusafisha tumbo tu. Mursik daktari hakuitaja.

Jumatano, 5 Juni

Kibuyu cha tatu. Kila mtu hapa Roret anajua aliyenizaa ni Johana, jirani ninayegombana naye juu ya mpaka wa shamba, mwaka wa kumi sasa. Hakuna anayesema. Johana amekonda sana tangu Krismasi. Nimemsihi mama anitajie mwanamume mwingine, yeyote, bora mzima. Hakuinua macho kwenye viazi alivyokuwa akimenya.

"Una miguu ya Johana, una ubishi wa Johana. Tumbo ungetoa wapi?"

Naogopa. Nimeandika, nikafuta, nikaandika tena.

Alhamisi, 6 Juni

Aibu! Kamera imeona weusi mtupu. Daktari akauliza kama nimekula makaa. Muuguzi akageukia ukuta, mabega yakimtetemeka. Nirudi Jumanne.

Jumamosi, 8 Juni

Johana amekuja, kwa fimbo, akipumzika kila baada ya hatua chache. Nikaandaa matusi ya mpaka. Hakuutaja. Alisema madaktari wa Nakuru walimfungua tumbo, wakalifunga bila kutoa kitu.

"Kijana wangu, mimi nilipoona damu nilingoja miezi saba. Wewe usingoje."

Hajawahi kuniita hivyo. Nilimpa kiti.

Jumanne, 11 Juni

Vinyama viwili vilivyoota utumboni vimekatwa. Vimepelekwa maabara. Silali, sili.

Ijumaa, 28 Juni

Havijawa saratani! Vilikuwa njiani, asema daktari. Johana tulimzika wiki jana. Nililia kuliko wanawe, watu wakashangaa.

Daktari ananitaka kila mwaka, na watoto wangu wapimwe. Binti yangu Chelimo, miaka ishirini na miwili, akauliza aende lini. Nimemweleza kitaalamu kwamba vile vinyama vimeshakatwa kwangu, kwa hiyo hakuna kilichobaki cha yeye kurithi. Kisha akachukua kadi yangu ya hospitali na kunakili siku za Daktari Apiyo. Watoto wa siku hizi, hata uwaelimishe vipi, hawaelewi!