Gari Linalojitengenezea Dizeli

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni iliyoniuzia gari.

Bwana Meneja mheshimiwa,

YAH: KUFUTWA KWA MUHURI MMOJA KATI YA SITA

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi si mzima, na daktari wangu, ambaye ni mtu wa adabu, amenishauri nisianze kitabu kinene. Usione mwandiko unayumba ukadhani nimelewa. Ni mkono tu, umeanza safari kabla yangu.

Mimi ni mkaguzi wa shule mstaafu. Miaka kumi na miwili iliyopita mliniuzia gari dogo jeupe la petroli, na tangu siku hiyo nimelileta gerejini kwenu mara nyingi kuliko nilivyokwenda nalo mahali pengine popote. Kila mara fundi wenu mkuu hulizunguka, huguna, huandika fomu, kisha huigonga muhuri mwekundu usemao KOSA LA MTUMIAJI. Mihuri hiyo ninayo sita. Nimeipanga kwa tarehe, kama nilivyozoea kazini.

1. Kiyoyozi kilianza kupuliza hewa ya moto mwezi wa pili. Fundi alieleza kwamba nilikuwa nakiwasha wakati wa joto. Muhuri.

2. Kioo cha dirisha la dereva kilishuka, kikagoma kupanda. Niliulizwa kwa upole kwa nini nilikishusha. Muhuri.

3. Paa lilivuja. Nikaambiwa gari nimelizoesha mvua. Kwa miezi minne mke wangu alisafiri kiti cha nyuma akiwa amefungua mwavuli, na majirani wakadhani tumegombana. Muhuri.

4. Taa ya injini iliwaka kwenye dashibodi, ikakataa kuzimika. Fundi akaibandika utepe mweusi, akaandika kwamba tatizo halionekani tena. Nakiri hapo alisema kweli tupu. Hata hivyo muhuri uligongwa, kwa kuwa mimi ndiye niliyeiangalia.

5. Honi ikaanza kulia yenyewe kila nilipokata kona ya kushoto. Tulikuwa tunakwenda kumzika mwalimu mmoja, rafiki yangu wa siku nyingi, na njia ya makaburini ina kona tatu za kushoto. Mjane alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau katika siku nilizobakiwa nazo. Fundi alinishauri niwe nakata kulia. Muhuri.

Katika yote hayo, Bwana Meneja, sikulalamika hata mara moja. Nilitia saini na kushukuru. Sababu ni kwamba nilijiona mwenyewe ndani ya fundi wako. Kwa miaka thelathini nilikagua madarasa yasiyo na madawati, mengine hayana hata paa, na mwisho wa kila ripoti niliandika: "Mwalimu ajirekebishe." Ni sentensi tamu sana kuiandika. Mtu huifunga kalamu, hupanda gari akaondoka, na tatizo hubaki na mwenyewe.

6. Hili ndilo lililonikalisha kitako. Miaka tisa iliyopita, siku ya harusi ya binti yangu, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikubali kumpeleka bibi harusi ukumbini kwa gari hilo. Tulimchagua kwa sababu udereva ndiyo kazi yake. Aliendesha basi la shule. Baada ya mwendo wa nusu saa gari lilitoa moshi, likakohoa, likazimika. Fundi wako alinusa tangi, akatangaza kwamba gari la petroli limenyweshwa dizeli. Binti yangu alifika ukumbini juu ya lori la saruji, gauni likiwa la kijivu. Kesho yake nikajaza fomu yenu, ambayo ina nafasi ya jina la mtumiaji wakati wa tukio. Niliandika jina la shemeji. Muhuri.

Shemeji aliapa kwamba hakugusa hata kifuniko cha tangi. Nani angemwamini? Wanangu, wapwa zake mwenyewe, wakampachika jina la Mjomba Dizeli. Jina likafika shuleni, wazazi wakanung'unika, akaondolewa kwenye basi akawekwa getini, kufungua na kufunga. Dereva mwenye uzoefu wa miaka ishirini na sita, ambaye hajawahi kumkwaruza hata kuku. Tangu hapo hajakanyaga kwangu. Mke wangu humtembelea peke yake, na akirudi hanisimulii kitu. Nami sitaki kuondoka duniani kabla shemeji hajaketi tena sebuleni kwangu akailaumu chai yangu.

Kwa hiyo naomba. Mmenigongea mihuri mitano isiyo ya haki, nikanyamaza. Basi nigongeeni mmoja usio wa haki kwa faida yangu. Andikeni kwamba kosa lilikuwa la kiwanda. Gari linaloweza kupiga honi makaburini bila kuguswa litashindwaje kujitengenezea dizeli? Ninyi ni wataalamu, hamtakosa maelezo. Barua iwe na nembo. Iende kwa shemeji, nakala kwa mwalimu mkuu wa shule yake, na nakala kwa wanangu wanne, ambao sasa ni watu wazima na bado wanacheka. Mkiweza, ifike kabla ya mwisho wa mwezi, maana yaelekea gari lenu litadumu kuliko mimi, jambo ambalo hakuna fundi aliyelitabiri.

Nisalimie fundi mkuu na muhuri wake, binti wa mapokezi anayenipa kiti kabla sijaomba, mlinzi, na wote wanaosubiri kuambiwa makosa yao.

Wako katika uvumilivu,
Mtumiaji.

Tanbihi: Barua hii ilikaa mezani siku mbili ikingoja stempu. Mke wangu ameisoma. Aliuliza jambo moja tu: "Mzee, gari linaweza kweli kujitengenezea dizeli?" Nimeuliza watu maswali miaka thelathini, sijawahi kukutana na gumu kama lile.

Asubuhi ya harusi niliongeza mafuta kwa dumu kutoka stoo, ili shemeji asipate taabu njiani. Madumu yalikuwa mawili, yote ya njano: moja la petroli, moja la dizeli ya jenereta. Pua ilikuwa imezibwa na mafua, na miwani sikuvaa, kwa kuwa siku hizo nilikuwa bado nawaambia watu kwamba macho yangu ni mazima. Jioni nilirudi nikakuta dumu la dizeli ndilo tupu. Fomu yenu niliijaza kesho yake.

Basi usiandike chochote, Bwana Meneja. Muhuri wa sita ni halali. Nimekata jina la shemeji nikaandika langu, na fomu hiyo ndiyo inayokwenda kwa mwalimu mkuu na kwa watoto.

Mke wangu alimpigia kaka yake simu, akanikabidhi. Nilisema yote. Shemeji akasema: "Nitakuja Jumamosi, shemeji. Tutatoka na gari, nitaendesha mimi. Mafuta usiguse."