Siku Niliyowaficha Wanafunzi wa Bi Salma

Mwenzenu leo nimepatikana. Hapa ninapoandika uso bado unawaka.

Mnaomfahamu Bi Salma, yule Mzanzibari wa hapa mtaa wa Muraqqabat, huku ughaibuni, mnajua kwamba wanawe hawaendi skuli (yeye anasema skuli, na mimi kashaniambukiza). Alikosa nafasi skuli za karibu, akasema basi, atawasomesha mwenyewe nyumbani. Rahma ana miaka kumi na tano, Hafsa ana saba. Nyie, yule mama ni moto wa kuotea mbali! Asubuhi meza ya chakula inafutwa, inageuka darasa. Na watoto lazima wavae viatu. Ndani ya nyumba! Eti mtoto aliyevaa ndala akili yake iko jikoni. Mimi kidato cha nne nilimaliza kwa kusukumwa, lakini nikiwatazama wale mabinti natamani nianze upya.

Hofu yangu ilikuwa moja tu, serikali. Siku moja nikamuuliza, "Bi Salma, huku hawatakufunga?"

Akanieleza taratibu. "Sheria ya kulazimisha skuli inawahusu raia wa hapa. Sie wageni hatukatazwi. Ila mtoto afuate mtaala unaotambulika. Kuna wanaochukua wa Kiingereza, kuna wanaochukua wa Kimarekani. Sie tumechukua skuli ya mtandaoni. Mwisho mtoto anafanya mtihani kama mtahiniwa binafsi, na chuo kinampokea."

Nikatikisa kichwa kama nimeelewa. (Ukweli? Nilikuwa nakula sambusa zake.)

Basi leo sina zamu hotelini. Bi Salma akaniomba nikae na mabinti wakati anampeleka mama mkwe wake hospitali. Akasema, "Kuna mgeni atakuja baada ya alasiri, lakini nitakuwa nisharudi." Sawa. Akaondoka.

Hata adhuhuri haijafika, mlango ukagongwa. Nikachungulia kwenye kitundu. Mama wa Kizungu, beji shingoni, faili mkononi. Ubavuni kwake mlinzi wa jengo ndani ya sare.

Jamani, mnajua tunavyoishi sisi wengine. Chumba kimoja, vitanda vya juu na chini, tumebanana kama njugu. Watu wa manispaa, hao baladia, wakija kukagua waliojazana, kila mmoja ana pake pa kukimbilia. Mimi pangu ni ngazi za dharura. Nimekimbia mara nyingi mpaka miguu haisubiri kuambiwa. Nikiona beji, akili inazimika.

"Wamekuja!" nikanong'ona.

"Nani, Anti?" Rahma akauliza.

"Serikali! Wanamtaka mama yenu! Jificheni!"

"Lakini Anti, huenda ni..."

"Lakini baadaye!"

Mtoto wa watu ana adabu, mkubwa akisema habishi. Akaingia stoo ya jikoni, akajifungia. Hafsa nikamsukuma nyuma ya pazia. Vitabu nikavikumba vyote, nikavitia kwenye mashine ya kufulia. (Sikuiwasha. Mungu ni mkubwa.) Nikajitanda khanga, nikafungua mlango huku nahema.

Mlinzi alikuwa kamleta tu mgeni, akashuka zake. Yule mama akatabasamu, akasema kwa Kiingereza kwamba amewahi kuliko alivyoahidi na amekuja kuwaona wanafunzi.

"Wanafunzi gani?" nikasema. "Hapa hakuna mwanafunzi. Hata mtoto hakuna."

"Hakuna mtoto?"

"Mwenye nyumba hakujaaliwa kizazi, masikini. Tunamwombea." (Sijui yalitokea wapi. Yalitoka tu!)

Akatazama ukutani. Ramani ya dunia. Jedwali la kuzidisha. Picha ya twiga yenye miguu mitano, rangi ya waridi.

"Hivi ni vya nani?"

"Vyangu. Najiendeleza."

Akanikazia macho. "Vizuri sana. Saba mara nane ni ngapi?"

Jasho. Kiyoyozi kinavuma, mimi jasho. Nikasema kwa kujiamini kabisa, "Hamsini na nne."

Pazia likasema, "Hamsini na sita, Anti!"

Sote wawili tukainamisha macho. Chini ya pazia, viatu viwili vyeusi vimepangana, vinang'aa kwa rangi.

Yule mama akaketi bila kukaribishwa. Akasema yeye ni mwalimu wa skuli ya mtandaoni. Kaja kuhakikisha kwamba kazi anazotuma Rahma anazifanya mwenyewe, ndipo aweke saini asajiliwe mtihani. Na leo jioni anasafiri. "Sasa nitaamini vipi," akauliza, "ikiwa nimeanza kwa kuambiwa kwamba hata mtoto mwenyewe hayupo?"

Hapo ndipo moyo uliponishuka. Miaka yote ile ya Bi Salma, mimi naiharibu kwa mdomo wangu! Nikaanza kuomba radhi, Kiingereza kikanikimbia, nikabaki na "sorry, madam, sorry."

Rahma akatoka stoo, bega limejaa unga. Hakunitazama hata kwa jicho baya. Akamsalimia mgeni, akaenda kwenye mashine, akatoa vitabu, akavipanga mezani.

"Niulize chochote, mwalimu."

Akaulizwa. Mimi nimesimama pembeni, sielewi hata swali, lakini sauti ya yule binti haikutetereka. Anaeleza, anachora, anafuta, anaeleza tena. Swali moja likamkwamisha. Akasema, "Hili bado linanishinda. Nimelijaribu, sijaliweza."

Mwalimu akaweka kalamu chini, akacheka kwa mara ya kwanza. "Anayefanyiwa kazi na mwingine hasemi hivyo." Akafungua faili, akasaini.

Saini inakauka, Bi Salma huyo mlangoni. Mwalimu akainuka kumpa mkono. "Nimeambiwa hukujaaliwa watoto," akasema, "lakini huyu mmoja amenifurahisha sana."

Bi Salma akanigeukia taratibu. "Zuhura! Mie tasa?"

"Tena kasema tunakuombea," Hafsa akadakia.

Lo! Mama wa watu alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akanishika mkono. "Zuhura we, sie hatuna cha kujificha. Si nilikueleza?" Alinieleza, ndiyo. Hakunipa neno baya hata moja, akanipakulia na chakula. Ndicho kilichoniumiza zaidi.

Basi chekeni, haki yenu. Ila mkimaliza kucheka mwombeeni Rahma mtihani wake, maana akifeli swali hata moja mimi sina sura ya kupita mtaa huu.