Ukuta wa Opera wa Mama Honorine

Évolué alifungua gazeti asubuhi ile kama padri anavyofungua Injili. Jina lake la kweli Octave, lakini hiyo tai anayoivaa hata jua likiwaka ndiyo iliyompa jina hilo pale kijiweni, yaani mweusi aliyestaarabika kizungu. Akatusomea: mji unajenga ukumbi mpya wa opera, na maghala ya zamani kando ya mto yatabomolewa, isipokuwa lile lenye historia ya sanaa.

Mama Honorine akaacha kumimina kahawa. Ukuta wa ghala la pamba ndio ulioshika bati lake, jiko lake, na migongo yetu sote.

"Donc, mimi niende wapi?"

"Hauendi," akasema Ngolo, mvuvi wa kwenye maporomoko, ambaye ndevu zake mbili ndizo zilizompa jina hilo la kambale. "Hii ghala ilikuwa opera. Niliona."

Évolué akacheka mpaka tai ikaruka. Opera ya kwanza ya mji huu, alisema, iliimbwa katika chumba cha kulia cha hoteli, ya pili kwa mapadri. Opera iko na viti vyekundu. Hapa palikuwa na pamba na panya.

"Na ule mama muzungu alikufa akiimba, alikuwa panya?"

Basi habari yote ikatoka. Kabla ya vita, wazungu walisukuma marobota kando wakapanga viti, na bibi mmoja mnene akaimba mpaka popo wakahama. Watu wetu walijazana inje, dirishani. Bibi akaanguka, akaimba kwamba anakufa. Mama yake Ngolo hakungoja, maana kwetu maiti haiachwi peke yake. Akaingia na wamama wenzake wakilia, wakajitupa chini, shangazi mmoja akiuliza ndugu za marehemu wako wapi. Marehemu akaamka, akakimbia na kiatu kimoja.

"Kwetu mutu anakufa, wengine wanaimba," Ngolo akasema. "Kwao anakufa na anajiimbia mwenyewe. Ile iko choyo."

Bwana mzungu wa ofisi ya mji alipofika na kamba yake ya kupimia, tulimsimulia kwa midomo yote. Hata Évolué aliapa, kwa Kifaransa safi, kwamba viti vyekundu aliviona kwa macho yake. Bwana akacheka, kumbe hadithi ya kiatu kimoja inasimuliwa hata kwenye baa ya wazungu. Akapaka alama nyeupe ukutani: usibomolewe.

Mama Honorine alikuwa ameanza vigelegele. Bwana akanyoosha kidole kwenye jiko.

"Lakini hii itoke. Opera iko ya wazungu. Weusi wasiegemee hapa."

Vigelegele vikamkauka mdomoni. Tukabeba benchi, yeye akabeba birika, tukavuka barabara, tukakaa tukiutazama ukuta tuliouokoa.

"Évolué," akasema Ngolo, akipuliza kahawa yake, "sasa unaamini ile ghala iko opera?"

"Sababu gani sasa?"

"Si tuko inje."