Kofia ya Mwisho ya Bríd

Jumatatu, 22 Julai

Alhamisi ni Siku ya Mabibi kwenye mbio za farasi. Mke wangu Bríd hatakuwapo. Tulimzika Februari, mvua ikinyesha. Kofia yake itakuwapo! Aliimalizia kitandani: rangi ya zabibu, ukingo mpana, manyoya marefu. Kila mwaka alishona kofia kwa mkono wake, na kila mwaka jirani yetu, Assumpta Kilbane, alinunua ya kwake Dublin na kutwaa tuzo ya kofia bora. Safari hii sikubali.

Kikwazo kimoja. Majaji hawatazami kofia isiyo na kichwa, na kichwa lazima kiwe cha mwanamke. Nimemwendea Dervla, dada yake Bríd. Akasema kofia ile iachwe ipumzike kama mwenyewe. Nikamhutubia. Nilikuwa mnadishaji wa ng'ombe. Ulimi huu umewahi kuuza fahali kipofu. Akakubali, mradi nimnunulie samaki wa samoni siku hiyo na nisimhutubie tena.

Jumanne, 23 Julai

Balaa! Kichwa cha Dervla hakiingii. "Shemeji, dada alipewa kichwa cha ndege, mimi nikapewa cha ndama!" Alicheka sana, kisha akageukia dirisha.

Nimebuni mbinu. Nimeipitisha kofia juu ya mvuke wa birika hadi ikalainika, nikaivisha kabichi kubwa kuliko zote sokoni, ikauke ikiwa imetanuka. Fikra ya hali ya juu.

Jumatano, 24 Julai

Imetanuka. Inanuka kabichi. Nimeinyunyizia marashi ya Bríd. Kosa kubwa. Sikuweza kukaa jikoni.

Jambo jingine, ambalo sitamwambia mtu. Alfajiri niliingia jikoni kabla ya kuwasha taa, nikaiona kofia pale mezani juu ya kabichi, nikasema, "Umewahi kuamka leo, mama." Nikatenga vikombe viwili.

Alhamisi, 25 Julai

Upepo. Dervla alikula samoni yote. Kisha akataka kuilaza kofia upande wa kulia, kama mabibi wengine wote. Haikukubali, manyoya yalimwingia puani. Bríd aliiunda ilale kushoto. Nikaamuru ivaliwe kushoto.

Jaji, kijana mwenye viatu vya kung'aa, akaizunguka polepole. Akatamka kwamba ushonaji wa namna hii hajauona popote. Moyo ukaruka! Kisha akasema anasikitika: kofia ya bibi hulazwa kulia, na kuilaza kushoto ni kosa la mtu asiyewahi kufika mbioni. Nikapanda juu ya kiti, nikaanza kuhutubia. Nikaombwa nishuke kwa kuwa farasi walikuwa wanashtuka. Tuzo akapewa Assumpta.

Alinifuata nyuma ya hema la chai. Nilijiandaa kwa kebehi. "Fintan, mimi sikumficha mkeo," akasema. "Kila mwaka nilimwambia, we Bríd, igeuze tu hiyo kofia, utanibwaga mchana kweupe. Akanijibu, nikiigeuza, ukingo utamsukuma Fintan mbali, hatanisikia."

Sikio langu la kulia halisikii tangu utotoni. Siku zote nilitembea upande wake wa kulia, sikio zima likielekea mdomoni mwake. Kumbe kofia zile zote zililala kushoto ili mimi nipate nafasi ya kusogea. Mimi nilidhani ni mtindo wake tu. Hata niliwahi kumlaumu kwa kushindwa.

Assumpta alikuwa analia, na kofia yake ya Dublin inatikisika. Dervla akanishika mkono, akaninong'oneza neno. Alikuwa upande wa kulia. Sikumwomba alirudie.

Ijumaa, 26 Julai

Sikulala. Nimelitafakari suala hili kwa utulivu unaostahili. Jaji mwenyewe amekiri: ushonaji hauna mfano. Dosari ni moja, nayo inarekebishika!

Nimeketi dirishani na mkasi. Nimefumua mishono ya kushoto, mmoja baada ya mwingine. Alishona kwa kukaza, maskini. Imenichukua asubuhi nzima. Sasa ukingo unalala kulia, sawasawa kabisa na desturi. Mwaka ujao Bríd wangu hashindwi na mtu.